Mababu Saba Katika Njia ya Beket-Ata

Jumatatu, 8 Mei

Nimeondoka. Peke yangu! Baba alisimama mlangoni na funguo za gari lake, Niva, mkononi, anazitoa kama mtu anayetoa figo. Akaniuliza kwa mara ya mwisho kama sitaki hata binti wa mjomba anisindikize. Sitaki. Nina miaka thelathini na tatu, kutwa nashinda kliniki ya meno Zhanaozen nikichungulia vinywa vya watu vilivyoachama, na kila kinywa kinataka kusimulia. Nataka siku chache za mawe. Mawe hayana meno.

Sababu ya safari naiandika ili nisijidanganye. Septemba naolewa. Nataka kufika Beket-Ata, kwa walii wetu, nikiwa bado wa kwetu, kabla sijaanza kwenda huko na wa kwao.

Mwezi wa tatu Mama Orynsha, mama yake mchumba wangu Temirbek, alinivisha hereni. Imekwisha hiyo. Msichana aliyevishwa hereni ameshasemewa. Za dhahabu, nzito, kufuli zake ngumu mpaka nalala nazo. Siku hiyo wazee wa pande zote mbili walitaja mababu saba saba, kama ilivyo ada, kuhakikisha damu haigusani. Baba alitaja wetu kwa sauti ya mwadhini: Sagyndyk – yeye mwenyewe – Baimbet, Zhanai, Kosym, Estek, Tulep, Barak. Upande wao: Zholdas, ambaye ni baba yake Temirbek, Otegen, Mambet, Kulbai, Shonai, Begei, Tabyn. Hakuna jina lililokutana na jingine. Baba alifurahi kuliko mimi. Hana kaka wala dada, kwa hiyo karamu yoyote ya kwetu ina upande mmoja mtupu, na safari hii atapata wakwe wa kuujaza.

Temirbek alikuja kliniki mwaka juzi na jino bovu. Nikamwambia apanue kinywa. Juu kushoto, jino la pili kutoka katikati halipo. Halikung'oka – halikuota kabisa. Kama langu. Kama la Baba. Nikacheka na kioo mkononi, naye akadhani namcheka yeye. Siku ya hereni Mama Orynsha alitutazama tukicheka, akasema hata mapengo yenu yameshachumbiana. Watu walivunjika mbavu.

Sasa niko Shopan-Ata. Huwezi kumwendea Beket bila kupita kwanza kwa mwalimu wake. Nimeshuka kwenye msikiti ndani ya mwamba. Baridi ya ghafla, kisha ukimya, kisha macho yanazoea na kuta zinajitokeza taratibu. Nilitaka kuomba kitu, sikukipata. Nikashukuru tu. Nimeshiba maisha, nadhani ndiyo furaha hii.

Jumanne, 9 Mei

Sikuwahi kupigwa kofi na mtu. Leo najua linavyokuwa.

Niandike kwa mpangilio. Leo sikukuu, mahujaji wamejaa. Familia kutoka Aktau ilichinja kondoo, na adhuhuri tukaketi sote kwenye kitambaa kirefu cha chakula. Mtunza taa wa msikiti – mzee mpole mwenye kikohozi – aliwauliza wageni mmoja mmoja: wewe wa nani? Kila mtu akataja wake. Zamu yangu ikafika. Nikawataja wote saba bila kumeza mate, kama Baba alivyonifundisha nikiwa na meno ya utoto.

Mbele yangu alikaa bibi mmoja wa kijiji cha Senek, Ulbosyn jina lake. Meno yake ya bandia yanagongana – taya la chini limelegea, nilikuwa nimeshapanga kumrekebishia bure. Akaweka kikombe chini.

Aliuliza Baimbet yupi. Baimbet wa Ziba? Nikasema ndiye huyo, babu yangu na bibi yangu. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chai imepoa: "Baimbet wa Ziba hakuzaa."

Mtunza taa akakohoa. Mtu akapitisha nyama. Mimi nikacheka! Nikamwambia Bibi, mimi niko hapa, unaniona. Yeye akaangalia nyama yake.

Baada ya dua nilimfuata kwenye birika za kunawia. Nilitaka aniombe radhi. Kweli, ndicho nilichofuata.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilidhani unajua. Nyumba nyingi siku hizi huwaambia."

"Niambiwe nini, Bibi?"

"Baba yako alipewa. Alitoka meko ya pili."

Akanieleza huku maji yakimchuruzika viganjani. Ilikuwa baridi ile ya kuua mifugo. Wachungaji wa familia mbili walijibanza kwenye pango moja, korongo ambalo mpaka leo linaitwa la Meko Mawili. Yeye alikuwa msichana mdogo, aliyeletwa kusaidia na wana-kondoo. Ziba alijifungua mtoto akafa. Mke wa mchungaji jirani alijifungua wiki ile ile akashikwa na homa, maziwa yakakauka. Mtoto analia, na Ziba kifua kinamvuja. Akamnyonyesha. Walipotarajia kutengana majira ya kuchipua, Ziba hakuweza kumwachia. Yule jirani, baba wa mtoto, alikuwa na wana wengine. Akambeba mtoto, akamweka kwenye mapaja ya Baimbet, akasema: mtoto ni wako, ukoo ni wako, na asiwepo wa kutamka. Kisha akahamia upande wa Waturukimeni na kondoo wake. Hakuonekana tena.

Si jambo geni kwetu. Kila mtu anamjua mtoto aliyepewa. Nilianza hata kupumua. Nikauliza jirani huyo nani, basi tu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hatakinunua.

"Otegen," alisema. "Otegen wa Mambet."

Nilishika birika.

Yeye akainua kidole, akagusa hereni yangu. Akauliza nani wamenivisha. Mdomo wangu ukajibu wenyewe: watu wa mbali, Bibi.

Jumatano, 10 Mei

Sijalala ila nimeendesha. Hakuna mtandao wa simu. Nashukuru hakuna.

Nimejisemesha njia nzima. Kina Otegen wako wengi. Kina Mambet ndio usiseme. Bibi ana miaka themanini na kitu, kumbukumbu yake inacheza kama meno yake. Familia ya Temirbek ilirudi kutoka Turukimenistani akiwa mtoto – wengi walirudi! Nusu ya mtaa wangu wametoka huko! Nikasema hivyo kwa sauti, ndani ya gari, kwa hasira, na ngamia mmoja akageuka kunitazama.

Nimeliacha gari juu na kushuka korongoni kwa miguu. Bibi alinielekeza: fuata kuta nyeupe mpaka mkondo mkavu ugawanyike, kisha upande wa jua la asubuhi. Kuta za chaki pande zote mbili, zinameremeta mpaka macho yanauma. Chini kuna magamba ya konokono wa bahari iliyokauka zamani. Siku nyingine ningeokota. Leo nimeyakanyaga yakalia kama vigae.

Pango lina mdomo mpana na mfupi. Nimeinama kuingia. Nilitarajia nini? Hadithi. Nimekuta masizi. Masizi mengi, ya miaka, darini, sehemu mbili – moja kushoto, moja kulia. Chini yake mawe ya meko, mafungu mawili, bado yamepangwa. Na katikati ukuta wa mawe wa kutenganisha familia, wameujenga bila udongo.

Ukuta haunifiki kiunoni.

Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimewaza umbali: mtoto anafungwa kwenye blanketi, anapandishwa ngamia, theluji, usiku. Hakuna. Mtu alisimama, akanyoosha mikono, mtu mwingine akapokea. Jambo la kupitishiana chumvi.

Nimekaa upande wa kushoto. Kisha nikahamia kulia. Kisha sikujua nikae wapi, nikakaa juu ya ukuta wenyewe. Na nikiwa pale ulimi wangu ukaenda unakokwenda nikiwaza – kwenye pengo. Juu kushoto.

Niliruka kama nimeumwa na nge!

Mimi daktari wa meno. Mimi niliyewaambia wazazi mara ngapi, mama usihangaike, jino hili halioti kwa sababu kwenye ukoo wenu halioti, angalia kinywa cha baba yake. Nimeshika taya la Baba kwa mkono huu. Nimeshika taya la Temirbek kwa mkono huu huu. Nikaliona pengo moja mara mbili, mahali pamoja, na ninachotoka nacho ni kwamba Mungu amenichagulia! Nilicheka! Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejifelisha.

Mapengo yameshachumbiana. Mama yangu wee.

Baba na mzee Zholdas ni ndugu. Baba mmoja, mama mmoja. Kwa hesabu hiyo Temirbek ni kaka yangu wa ukoo, na mababu wetu hawakutani wa saba, hata wa tatu. Wanakutana wa pili.

Nakumbuka alinisimulia majirani zao wa kule, Waturukimeni, jinsi wanavyooana binamu kwa binamu na kuona ni heshima, mali inabaki nyumbani. Alikuwa anakunja uso. Akasema hebu fikiri unalala na mtu anayemwita bibi yako bibi. Nikamrushia mto. Tulicheka sana siku ile. Kwa sheria ya dini ninajua ni halali. Ila mwambie mtu wa kwetu. Mwambie Baba. Jiambie mwenyewe, Kuralai, jaribu – nimejaribu, na mwili wangu wote umekataa, na papo hapo nikamtamani Temirbek anishike mkono. Vyote viwili kwa pamoja. Ni aibu hata kuandika hapa.

Alhamisi, 11 Mei

Mchanga, mchanga, magenge. Nimefika Beket-Ata jioni mapema.

Pale juu kwenye mwinuko simu ilipata mtandao ikaanza kutetemeka kama mgonjwa. Temirbek, Temirbek, Temirbek. Ujumbe wa sauti: wazazi wake wamepata wazo. Wananikuta huku huku! Ijumaa. Wanaleta kondoo wa kuchinja, tuombewe dua pamoja mimi na yeye. Anaongea haraka, ana furaha, nyuma yake nasikia mzee Zholdas akiuliza kamba iko wapi.

Nikabonyeza jina la Baba. Nikakata kabla haijaita.

Nikashuka genge lote mpaka pango la Beket. Njia ndefu, wanawake wamekaa wakipumzika kwenye mabenchi, wakaniona na hereni wakanitakia heri. Ndani nikaweka paji la uso ukutani. Jumatatu sikuwa na cha kuomba. Leo ninacho, lakini nikiseme vipi? Niombe bibi wa watu awe mwongo? Niombe yule mtoto wa pangoni angekufa, Baba asiwepo, nami nisiwepo wa kuumia? Nimekaa mpaka mtunza mlango akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 12 Mei

Asubuhi. Leo ni siku ya mikate saba. Kila Ijumaa ya maisha yangu nimekaanga mikate saba kwa ajili ya mababu, Bibi Ziba alinishika mkono kunifundisha. Jikoni kwa mahujaji wana unga na sufuria ya mafuta. Nikakanda. Mikono inajua, haihitaji kichwa.

Wa kwanza, kwa Baba akiwa hai na afya. Wa pili, kwa Baimbet. Sikusita hata kidogo! Mafuta yakachemka, mkate ukafura, na nikamwona babu akinimegea sukari kwa meno yake mwenyewe. Wa tatu, Zhanai. Hapo mkono ukaganda. Zhanai nimlishe mimi? Na Mambet je, anaangalia tu? Unga uliobaki nimeukaanga bila kutaja mtu. Mama mmoja pale jikoni akaniambia unaunguza, binti.

Nikatoka na simu mpaka ukingoni mwa genge. Nikampigia Baba.

Nilimwambia nimekutana na mtu aliyekuwa pangoni na Bibi Ziba. Nilisikia televisheni. Kisha sikuisikia, aliizima.

"Amekuambia," alisema Baba.

Anajua! Anajua tangu zamani! Nilipiga kelele, sikumbuki maneno, namshukuru Mungu upepo ulikuwa mkali. Akaniacha nimalize. Kisha akanieleza taratibu. Bibi Ziba alipokuwa anakata roho alitaka kumtajia mzazi wake. Baba akamziba mdomo. Kwa mkono wake, ule wa kulia. Alimwambia: nina baba, sitaki wa pili. Akafa bila kusema. Kwa hiyo alijua kuwa alipewa, hakujua na nani. Na siku ya hereni alipotaja mababu saba hakuona kuwa anadanganya. Baimbet ndiye baba yake. Angemtaja nani mwingine?

Nilimuuliza: hukuogopa, hata mara moja? Akasema aliogopa. Siku ya hereni, upande wao walipomtaja Otegen, hakumjua, akashukuru.



"Ni nani?" aliuliza.

Mzee wa miaka sitini na sita ananiuliza mimi baba yake ni nani. Nilitaka kukata simu. Nilitaka kumziba mdomo na mimi.

"Otegen, Baba. Otegen wa Mambet."

Nilisikia akivuta pumzi, kisha kiti kikilia. Akauliza kama hereni ninazo masikioni. Ninazo. Akauliza wao wako wapi. Nikamwambia wako njiani kuja hapa, na kondoo. Akasema nisiseme neno mpaka afike, anakuja, anakuja sasa hivi. Kisha akakumbuka. Niva ninayo mimi. Akaanza kutaja majirani wenye magari, huyu yuko kazini, yule gari bovu, na katikati ya kutaja akanyamaza. Aliporudi sauti yake haikuwa ile ya kwanza.

"Huyo Zholdas," alisema. "Ni mkubwa kwangu, au mdogo?"

Nilijua jibu. Niliandaa mwenyewe kadi za mwaliko, miaka ya wazee wote naijua. Lakini sikujibu upesi, kwa sababu nilichokisikia ndani ya swali lile kilinikata maini. Baba yangu ana furaha. Anaificha, anaionea haya, anajua mimi nimesimama wapi – lakini ipo. Mtu asiye na kaka wala dada maisha yake yote, na sasa anaye. Saa ile ile. Kwa jina lile lile.

Nilimchukia kidogo. Kisha nikamwonea huruma mpaka nikakaa chini.

"Mkubwa," nilimwambia. "Kwa miaka mitatu."

Akalirudia neno hilo peke yake, polepole. Mkubwa. Simu ikapoteza mtandao, au alikata, sijui.

Nimekaa mezani nje ya nyumba ya mahujaji, mikate saba mbele yangu kwenye sinia, miwili imeungua. Naandika ili mikono iwe na kazi. Nimevua hereni ya kushoto. Imetoka kwa tabu, ukucha umevunjika. Ya kulia kufuli limekwama, halizunguki hata kwa mafuta ya mkate. Sikio linawaka moto. Nawaza niirudishe ya kushoto kwanza, wasione. Au nisirudishe.

Vumbi barabarani. Gari jeupe. Ni lao.

Limesimama. Mama Orynsha anashuka na kikapu, ananyoosha mgongo. Temirbek yuko nyuma anahangaika na kondoo. Mzee Zholdas ameniona. Anakuja mbele ya wote, mikono wazi, na anatembea – Mungu wangu, anatembea kama Baba, bega la kulia likitangulia, nimekuwa nikilitazama bega hili mwaka mzima nikisema tu huyu mzee simchoki. Anasema kutoka mbali, kama anavyosema siku zote, binti yangu, binti yangu. Kweli mimi ni binti yake. Ni baba yangu mkubwa. Temirbek anamwachia kondoo kamba, anacheka, anakimbia amwahi baba yake, pengo lake naliona toka hapa, na Mama Orynsha amesimama. Ameliangalia sikio langu la kushoto. Ameweka kikapu chini. Na mimi sijui nikiinuka sasa nimwite huyu mzee nani.